Waya za mtandao zinafungana mafundo kabla hujaanza kuvuta

Watu wengi wakikuta waya za mtandao zimefungana mafundo juu ya siling wanalaumu paipu nyembamba au kona nyingi. Ni kweli hivyo navyo vinachangia, ila sisi tunaofundisha mafundi hii kazi tunachokiona mara nyingi ni kwamba fundo lilishatengenezwa chini, pale waya unapotokea kwenye boksi au roli, paipu yenyewe imelikaza tu.

Chukua mfano wa roli. Ukiilaza chini kwa ubavu halafu ukavuta waya kwa juu, kila mzunguko unaotoka unakuja na msokoto mmoja kamili, sasa piga hesabu mpaka umalize mita 60 hiyo misokoto ni mingapi. Waya ukilegea kidogo tu unajikunja kitanzi, mwenzako kule mwisho haoni chochote anaendelea kuvuta, kitanzi kinakaza na hapo waya ushavunjika shingo, hata ukiunyoosha kwa mkono zile jozi za ndani, yaani nyuzi ndogo zilizosokotwa mbili mbili, hazirudi zilivyokuwa na spidi inaweza kusumbua baadaye bila wewe kuelewa kwa nini. Kwa hiyo pitisha bomba kwenye tundu la roli, bomba likae juu ya stendi mbili, roli izunguke yenyewe. Na awepo mtu wa kuizuia kwa mkono, maana mvutaji akisimama ghafla roli haisimami, inaendelea kumwaga waya chini na ndio mwanzo wa fujo.

Boksi ni tofauti. Boksi la kawaida la Cat6, aina ya waya wa mtandao inayotumika sana, lina mita 305 na ndani waya umepangwa kwa umbo la namba 8, makusudi kabisa ili utoke kwenye tundu bila boksi kuzunguka. Sasa fundi anaona umekwama kidogo, anapasua boksi eti asaidie, mpangilio wote unaporomoka na waya uliobaki unakuwa wa kukatakata vipande. Jamani usilipasue! Ukikwama acha kuvuta, rudisha waya kidogo ndani, tikisa boksi, jaribu tena taratibu, mara nyingi unaachia. Boksi likae kama mishale yake inavyoonyesha, na ukimaliza kazi ibane ncha pale kwenye tundu isidumbukie ndani.

Kuna wakati lazima umwage waya chini, kwa mfano unaanzia katikati ya jengo na unavuta kwenda pande mbili. Hapo usiupange duara, upange namba 8 kubwa sakafuni, nusu moja inaweka msokoto wa kulia nusu nyingine wa kushoto, vinafutana. Ukitaka kuanza na ile ncha iliyoko chini kabisa, watu wawili waibebe 8 yote kwa pamoja waipindue, usiichomoe kwa chini.

Kazi ya waya nyingi ndio inayotoa watu jasho. Zinazokwenda njia moja zivutwe zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ukivuta mmoja mmoja kila unaoingia unajizungusha kwenye zilizotangulia, na kamba ya kuvutia ikisugua juu ya waya wa zamani inauchana ganda. Panga maboksi mstari mmoja, toboa kipande cha mbao matundu kadiri ya idadi ya waya na kila waya upite kwenye tundu lake, utashangaa zinavyoingia zimenyooka bila kupishana. Weka lebo kwenye boksi na kwenye ncha kabla ya kuanza, sio baadaye. Ncha usizifunge zote usawa mmoja zikawa bonge, zipishanishe kidogo kidogo halafu zungushia tepu mpaka kichwa kiwe chembamba kama mkia wa panya. Na funga kamba mpya ivutwe pamoja nazo, ya mtu atakayekuja kuongeza waya kesho.

Kwenye nguvu ndio watu wanazidisha. Waya wa jozi nne haupaswi kuvutwa kwa zaidi ya nyutoni 110, sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 11 hivi, kwa hiyo mkivutana watu watatu na mguu umekanyaga ukuta mshapitiliza zamani. Ikigoma, kuna kitu kimenasa, rudisha nyuma mkitafute. Kona za nyuzi 90 zisizidi mbili kabla ya kuweka boksi la kuvutia, yaani kisanduku cha katikati ya paipu cha kutolea waya na kuuvuta upya, na paipu usiijaze zaidi ya asilimia 40, ile nafasi inayobaki sio hasara.

Wawepo watu wawili wanaosikilizana, mmoja analisha mmoja anavuta, simu au redio kolu mkononi, na anayelisha ndiye mwenye amri ya kusema simama kwa sababu yeye ndiye anayekiona kitanzi kabla hakijaingia. Urefu wa ziada kule kwenye reki, kabati la vifaa vya mtandao, uachwe kwenye vitanzi vipana, ufungwe na velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua, zile taiti za plastiki zikikazwa sana zinabonyeza waya. Halafu pima kila waya kabla siling haijafungwa, ukiupata mbaya muda huo bado kamba ipo na njia iko wazi.