Folda moja, vifaa viwili: dhana potofu kuhusu faili za simu na kompyuta

Mama mdogo alinipigia simu jioni moja, sauti imemwishia. Simu yake ilikuwa imejaa hadi picha mpya zikawa zinakataa kuingia, naye akakumbuka kwamba picha zake zote "ziko kwenye kompyuta pia". Basi akafuta za kwenye simu, folda nzima. Wiki sita baadaye akafungua kompyuta kutafuta picha za babu za mwaka wake wa mwisho. Folda aliikuta, ila ndani mlikuwa mtupu.

"Nani kaingia kwenye kompyuta yangu, mwanangu?"

Hakuna aliyeingia. Simu na kompyuta zilikuwa zimeunganishwa kwenye akaunti moja. Simu ilipofuta, kompyuta nayo ikafuta, kama ilivyopangiwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza watu wanavyozungumza kuhusu faili zao, na yaliyomkuta mama mdogo yanaweza kumkuta karibu kila ninayemsikia.

"Picha ziko sehemu mbili, kwa hiyo niko salama"

Kuunganisha vifaa kwa namna hiyo huitwa kusawazisha (sync), na kusawazisha ni kufananisha. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichopo hapa ndicho kilichopo kule, basi. Ukiongeza picha kwenye simu, inatokea kwenye kompyuta. Ukihariri barua na kufuta ukurasa kwa bahati mbaya, ukurasa huo unapotea kote. Hata virusi vinavyofunga faili na kudai fidia hunufaika na utaratibu huu, maana faili zilizofungwa nazo huhesabiwa kuwa mabadiliko mapya, zikapanda kwenye wingu, yaani hifadhi yako ya mtandaoni, na kuzifunika zile nzima.

Nakala rudufu (backup) ni kitu kingine. Yenyewe haifuati unachofanya leo. Inabaki kama faili ilivyokuwa siku ulipoinakili, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kinachowaokoa wengi ni tupio, mahali vilivyofutwa husubiri kabla ya kuondolewa kabisa. Google Drive huweka vilivyofutwa kwa siku 30, na picha za iCloud, wingu la Apple, hukaa siku 30 hivi kwenye albamu ya vilivyofutwa karibuni. Google Photos hukaa na picha zilizokwisha kupakiwa (kupandishwa kwenye wingu) siku 60, na zile ambazo hazijapakiwa siku 30. Ukigundua kosa ndani ya muda huo, unarejesha kila kitu kwa dakika chache. Huduma aliyokuwa akiitumia mama mdogo ilikuwa ya siku 30, naye alikuja kugundua wiki ya sita.

Wanaotunza picha kwa kazi wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa, mbali na nyumba au ofisi yako. Katika kuhesabu, folda iliyosawazishwa mimi naihesabu kuwa nakala moja, hata ikionekana kwenye vifaa vitano. Ukiibadilisha kwenye kimoja umeibadilisha kwenye vyote.

"Nikifuta kwenye simu, ya kwenye wingu inabaki"

Inategemea umebonyeza wapi, na hapa ndipo watu waangalifu kabisa wanapoteleza. Ndani ya Google Photos kuna njia mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni kuichagua picha na kuifuta: hiyo huiondoa kwenye simu na kwenye wingu pia. Ya pili ni ile huduma ya kuongeza nafasi kwenye kifaa: hiyo huondoa kwenye simu nakala zilizokwisha kupakiwa tu, na za kwenye wingu haziguswi. Mtu anayetaka simu ipumue anahitaji ya pili, lakini mkono huzoea kwenda kwenye ya kwanza.

Kwenye iPhone yenye picha za iCloud, kufuta ni kufuta kila mahali. Kinachopunguza mzigo pale ni mpangilio wa kuboresha hifadhi, ambao hubakiza simuni picha ndogo za kutazama na kuziacha zile kamili kwenye wingu, kisha huzishusha unapozihitaji.

Kabla ya kufuta picha mia tano, piga picha moja isiyo na maana, ya ukuta au ya kiatu. Iache ipande hadi uione kwenye kompyuta. Kisha ifute kwa njia ileile unayokusudia kuitumia, subiri dakika chache, urudi kwenye kompyuta utazame. Utajua mwenyewe, bila kumuuliza mtu.

"Faili naiona kwenye kompyuta, kwa hiyo imo"

Hii ni ndugu ya ile ya kwanza, na hukudhihirikia siku usiyokuwa na mtandao. Tangu mwaka 2017 OneDrive, wingu la Microsoft, kwenye Windows ina utaratibu wa kukuonyesha jina la faili, ukubwa wake na hata tarehe, huku faili yenyewe ikiwa bado iko kwenye wingu. iCloud Drive na Google Drive nazo zina namna zao za kufanya hivyo. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye diski ndogo. Tatizo ni kwamba folda inaonekana imejaa, mtu anafunga kompyuta na kusafiri nayo akiamini amebeba hotuba yake, kumbe amebeba jina tu.

Kwenye OneDrive tazama alama iliyo kando ya faili. Kiwingu kitupu maana yake haijashuka. Tiki ya kijani maana yake imo ndani ya kompyuta, na ikiwa ni tiki nyeupe ndani ya duara la kijani lililojaa, faili hiyo itabaki humo daima. Ukibonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya utaona chaguo la kuiweka kwenye kifaa hiki wakati wote. Usipoziamini alama, zima Wi-Fi kisha jaribu kuifungua faili.

"WhatsApp imenihifadhia kila kitu"

Nakala rudufu ya WhatsApp imeundwa kurejesha mazungumzo unapobadili simu au kuisakinisha upya. Ni furushi moja lililofungwa. Huwezi kuingia Google Drive ukachomoa humo picha moja ya harusi. Na tangu WhatsApp ilipobadilisha utaratibu kwa simu za Android, kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi 2024, furushi hilo linakula nafasi ya akaunti yako ya Google, ile gigabaiti 15 ya bure inayogawanywa kati ya barua pepe, Drive na Photos. Wapo wanaoshangaa barua pepe zimeacha kuingia, kumbe nafasi imeliwa na video za makundi.

Jingine ni ubora. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa: vipimo hupungua, rangi laini huanza kukatika vipande, na taarifa za ndani kama tarehe na saa iliyopigwa huondolewa. Ndiyo maana ukizihamishia kwenye kompyuta na kuzipanga kwa tarehe, picha za miaka kumi zinajipanga kana kwamba zote zilipigwa wiki moja. Chaguo la ubora wa juu lililoletwa 2023 linasaidia, lakini nalo bado linabana. Ukitaka faili ifike jinsi ilivyo, itume kama hati. Hapo hakibanwi kitu, na ukubwa unaoruhusiwa ni hadi gigabaiti 2.

Baadhi ya picha za babu zilizookoka zilikuwa hizo za kundi la familia. Kwenye kioo cha simu zinapendeza. Tulipojaribu kuchapisha moja ya kuweka ukutani, uso ulikuwa umepoteza mistari yake yote.

Kwa mwenye Android, kuna nafasi inayoliwa kimyakimya. Picha uliyoipiga kwa kamera na kuituma WhatsApp mara nyingi huacha nakala ya pili kwenye folda ya vilivyotumwa. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ufungue usimamizi wa hifadhi. Itakupangia vitu vizito kuliko vyote na vile vilivyosambazwa mara nyingi. Anza kufuta hapo kabla hujagusa albamu yako.

"Simu ni ya gigabaiti 128, mbona wamenipunja?"

Hujapunjwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja. Windows inagawanya kwa 1024 mara tatu, kwa hiyo diski ya 128 inasomeka kama 119 na kitu. Kwenye simu, mfumo wenyewe pia umechukua sehemu yake kabla hujaweka chochote.

Penye upunjaji wa kweli ni kwenye flashi na kadi bandia. Zimepangwa ziseme uongo: kompyuta inasoma terabaiti moja wakati ndani hamna hata sehemu ndogo ya hiyo. Zinapokea faili zako bila kulalamika, kisha zinaandika juu ya zile za mwanzo au kuzitupa. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza flashi data na kuisoma tena ili kujua ukweli. Fanya hivyo ikiwa bado tupu.

"Flashi imeharibika, inakataa video"

Ikiwa video inazidi gigabaiti 4 na flashi imeumbizwa (format) kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, itakataa hata kama ina nafasi tele. Hicho ndicho kikomo cha FAT32 kwa faili moja. Iumbize upya kwa exFAT, ambayo Windows na Mac za sasa zote zinaisoma, lakini ondoa kwanza vyote vilivyomo kwa sababu kuumbiza hufuta.

"Waya ni waya"

Kuna waya zinazopitisha umeme tu. Simu inachaji, kompyuta haioni kitu, na mtu anahitimisha kwamba tundu limekufa. Jaribu waya nyingine kabla ya kwenda kwa fundi. Android nayo huanza kwa kuchaji tu mpaka ushushe arifa kutoka juu ya kioo na kuchagua kuhamisha faili. iPhone yenyewe itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo.

Hata umbo la tundu halikuambii kasi. iPhone 15 na iPhone 15 Pro za mwaka 2023 zote zina USB-C, lakini ile ya kawaida inaishia megabiti 480 kwa sekunde, wakati Pro inafika gigabiti 10, tena kwa waya inayoweza kasi hiyo, wala si ile iliyokuja kwenye boksi. Kwa gigabaiti 100 za video, kwa hesabu ya karatasini, ya kwanza ni karibu nusu saa, ya pili haifiki dakika mbili. Kwa vitendo zote huchukua zaidi.

Ninachokisisitiza kuliko kasi ni hiki: usikate na kubandika kutoka kwenye simu. Android huongea na kompyuta kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo MTP, si kama diski ya kawaida, na muunganisho ukikatika katikati unaweza kubaki na nusu ya faili huku na nusu hujui iko wapi. Nakili. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, fungua chache za mwanzo, za katikati na za mwisho, ndipo ufute.

"Bila bando siwezi kuhamisha"

Quick Share kati ya Android na Windows, AirDrop kati ya vifaa vya Apple: zote hurusha faili moja kwa moja kati ya vifaa vilivyo karibu, bila kugusa bando. Syncthing, mradi huria ulioanza 2013, husawazisha folda kati ya kompyuta na simu ya Android bila kuweka faili zako kwenye seva ya kampuni yoyote. Lakini nayo ni usawazishaji: ukifuta huku, kule kunafutika, isipokuwa uwe umewasha utunzaji wa matoleo ya zamani.

"Nakala ninayo"

Umewahi kuifungua? Hilo ndilo swali nililojiuliza tulipokuwa tunamjengea mama mdogo utaratibu mpya. Tulinunua diski mbili za nje. Moja inakaa kwake, inachomekwa mwisho wa mwezi, inanakiliwa, inachomolewa na kurudi kabatini ili mabadiliko ya kompyuta yasiifikie. Ya pili inakaa kwangu, na tunabadilishana ninapokwenda kumsalimia. Wingu tumeliacha lifanye kazi yake ya kufananisha.

Binamu alikuwa bado na video kadhaa za babu kwenye simu yake, zenyewe kabisa, akatutumia kama hati. Tukazinakili kwenye diski, kisha nikaichomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na tukakaa kuzitazama moja baada ya moja, kila moja hadi mwisho. Ya tatu, ile babu anapomfundisha mjukuu kusuka kamba, iliganda sekunde ya kumi na mbili. Tukainakili upya kutoka kwa binamu, ikafunguka yote.