Mafuta ya plastiki mchanganyiko hupotelea wapi

Mtambo wa pairolisisi, yaani wa kupasha plastiki bila hewa hadi igeuke mafuta, ukitoa mafuta kiduchu, wengi huongeza moto. Ndiyo njia ya kuyapoteza zaidi: ukipita nyuzi 600 za Selsiasi hivi, molekuli hukatika mno na mafuta huishia kuwa gesi. Polithini na polipropini zinahitaji nyuzi 430 hadi 500, joto likipanda polepole.

Hasara kubwa huanzia kwenye beseni la kuoshea. Katakata taka, zitie majini, koroga na tone la sabuni, maana viputo vya hewa vilivyong'ang'ania vipande huelesha hata kisichostahili kuelea. Madumu, ndoo na vifuniko vya chupa, ambavyo ndivyo polithini na polipropini, vitabaki juu. Chupa zenyewe za maji, ambazo ni PET, zitazama pamoja na vipande vya PVC, plastiki ya mabomba. Polistirini ngumu nayo huzama, ingawa mafuta yake ni mengi. Iopoe kwa kuhamishia vilivyozama kwenye maji yaliyoshiba chumvi, ambamo yenyewe huelea. Kisha kausha kweli kweli.

PET huleta unga wa asidi unaoganda mabombani. PVC ni balaa zaidi: asilimia 57 ya uzito wake ni klorini, hivyo kilo moja hutoa zaidi ya nusu kilo ya gesi ya asidi inayotafuna chuma. Kama PVC kidogo imepenya, tuliza joto kwenye nyuzi 300 kwa nusu saa au zaidi, gesi ipite kwenye maji ya chokaa, ndipo upandishe.

Halafu kuna nta. Polithini hutoa kimiminika kinachopendeza kikiwa moto. Asubuhi kimeganda kama samli. Weka juu ya tanuru mnara mfupi uliojazwa pete za chuma, ukae kwenye nyuzi 200 hadi 250. Mvuke mzito hugeuka matone na kurudi chini kukatwa upya. Mwepesi huendelea hadi kwenye kipoza cha maji. Mnara huo usiupoze kwa maji baridi, la sivyo nta itaziba njia na presha itapanda. Geji na valvu ya usalama zikae kwenye tanuru lenyewe. Zeolaiti ya ZSM-5, kichocheo cha kukata molekuli, hufanya mafuta yawe mepesi, lakini huongeza gesi, kwa hiyo si dawa ya uchache.

Fukuza hewa kwa naitrojeni kabla ya kuwasha. Gesi iliyobaki ichomwe baada ya kupita kwenye kizuia moto cha maji, na kati ya kizuia moto hicho na kipoza pawe na pipa tupu linalotosha maji yake yote: tanuru likipoa hufyonza maji hayo, na maji yakifika kwenye chuma cha moto hulipuka kuwa mvuke.