Falsafa nayo ina bajeti

Nimeisikia tena hapa Kampala, kwenye kikao cha kupitia maandiko ya miradi: watu wa falsafa na historia wakichunguza maadili ya akili mnemba wanahitaji nini zaidi ya vitabu na nauli ya kongamano? Kazi yangu ni kuandaa bajeti za utafiti wa insia, yaani taaluma kama falsafa, historia na lugha, na kauli hiyo huua miradi mizuri kabla haijasomwa.

Chukua vijana wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, wanaolipwa kuweka lebo kwenye picha za kufunzia mashine. Ukitaka kujua wao wanaona haki ni nini katika kazi hiyo, utazungumza nao kwa Kiacholi. Mazungumzo ya saa moja hula siku nzima kuyanakili, kisha yatafsiriwe, kisha mtu wa pili aipitie tafsiri. Huyo wa pili ndiye hukatwa kwanza kwenye bajeti, na hoja nzima ikabaki kutegemea sikio la mtu mmoja. Kibali cha kamati ya maadili, kisha cha UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, havikwepeki; tenga ada na miezi. Sauti ulizorekodi nazo ni data binafsi chini ya sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda data na faragha.

Kinachonikera zaidi ni muda wa kufikiri. Katika miradi ya kimataifa, mtafiti wa Ulaya huandikiwa mshahara wa miaka mitatu. Mhadhiri wetu, mwenye madarasa yaliyofurika na rundo la mitihani, huandikiwa posho ya safari. Fedha ya kumlipa atakayemshikia vipindi haimo. Kisha anaombwa barua ya kuunga mkono wiki ya mwisho, swali la utafiti likiwa limeshachaguliwa, naye anabaki kukusanya mahojiano. Mapendekezo ya UNESCO ya 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba yanataka nchi kama Uganda zishiriki katika mjadala huu. Zitashirikije ikiwa anayelipwa kufikiri yuko kwingine? Mfadhili aulizwe hilo mapema, kabla andiko halijaandikwa.

Gharama za uendeshaji nitazigusa tu: Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, hutoa asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, wengine hawatoi kitu, lakini mhasibu na umeme vinahitajika kote.

Shaka yangu iko kwenye chanzo cha fedha. Programu ya BRAID ya Uingereza, inayofadhili utafiti wa akili mnemba yenye uwajibikaji, hutumia fedha za umma. Schmidt Sciences, inayofadhili insia na akili mnemba, ni ya Eric Schmidt, aliyewahi kuongoza Google, na mkewe Wendy. Siwezi kumwambia mtafiti asiye na ruzuku nyingine akatae. Ninachosisitiza, kwa mfadhili yeyote, ni kifungu cha mkataba kwamba mtafiti atachapisha bila kuomba ruhusa. Kifungu hicho hulinda makala. Hakimzuii mtafiti kujichagulia swali laini mapema ili asikose ruzuku ijayo, na dawa ya hilo sijaiona kwenye bajeti yoyote niliyoandika.