Meshi 60 mbili, matundu mawili tofauti

Ukiingia duka la vifaa hapa Tanga kutafuta wavu wa kuchujia, swali ni moja: "Meshi ngapi?" Wengi hujibu sitini, hulipa na kuondoka wakiamini hiyo namba ndiyo ukubwa wa tundu. Siyo. Namba inahesabu matundu yaliyomo kwenye inchi moja, basi. Inchi ni milimita 25.4, gawanya kwa 60, unapata 0.42, na humo humo waya nao umechukua nafasi yake. Waya wa milimita 0.12 unaacha tundu la 0.30. Wa 0.19 unaacha 0.23 tu. Na zote zinaitwa sitini! Tena wavu wa waya mwembamba, nusu ya eneo lake ni uwazi. Ule wa waya mnene haufiki hata theluthi, kwa hiyo mafuta yanapita kwa kusuasua.

Mwaka jana, kwenye mashine yetu ya mafuta ya nazi, tulibadilisha wavu kwa kutazama namba peke yake. Chembe za mashudu zikapita mpaka kwenye madumu, tukachuja upya kazi ya siku mbili. Tangu hapo siendi dukani bila maikromita, kifaa cha kupimia unene wa waya.

Wanasema pia stenlesi haishiki kutu. Inashika, hasa pwani kwetu. Kinachoikinga ni utando mwembamba mno wa oksidi ya kromi, na chumvi huutoboa. Tazama wavu wa 304, aina ya stenlesi ya kawaida, uliokaa karibu na bahari: vidoa vya kahawia huanzia pale mtande (nyaya za urefu) na mshindio (nyaya za upana) vinapopishana, maana maji ya chumvi hujificha hapo. Aina ya 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayostahimili zaidi, ila nayo isuuzwe kwa maji ya bomba. Na kuipima kwa sumaku ili kujua kama ni stenlesi halisi hakusaidii: hata 304 halisi, ikishavutwa kuwa waya, huweza kunasa kidogo.

Kuna wavu wa ufumaji wa Kiholanzi, mtande mnene na mshindio mwembamba uliobanwa. Ukiuinua juani huoni upande wa pili, na watu huurudisha dukani wakidhani umeziba. Kifumbu nacho huoni ng'ambo yake, lakini tui linatoka. Njia zipo, zimepinda tu. Ndiyo maana uchafu ukinasa humo hautoki kwa brashi. Sukuma maji kutokea nyuma.