Msimulizi mtoto, na muujiza anaoushuhudia

Msimulizi mtoto ni mhusika wa umri mdogo anayetusimulia riwaya kwa nafsi ya kwanza: "niliona", "baba aliniambia". Mara nyingi, hata hivyo, anayeongea ni mtu mzima anayekumbuka. Kwa hiyo ndani ya "mimi" mmoja wamo wawili: aliyeona akiwa na miaka 10 na anayesimulia akiwa na 40. Riwaya za imani hupata nguvu zake kati ya hao wawili.

Chukua mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Tuseme mtoto wa Tukuyu anasimulia safari ya bibi yake. Mwandishi wa habari angehesabu magari na kuulizia vipimo vya hospitali. Mtoto anasimulia kwamba ng'ombe wa maziwa aliuzwa ili nauli ipatikane, kwamba baba, mzee wa kanisa la Moravian, alinuna na hakumsemesha shangazi, na kwamba bibi aliporudi alishika jembe akaenda mwenyewe migombani. Je, alipona? Mtoto anasema ndiyo. Hadanganyi, kipimo chake ni watu anaowapenda, basi. Kuukana muujiza kungekuwa kumkana bibi.

Msomaji wa Mbeya aliyezoea kusikia shuhuda kanisani anaweza kudhani ni jambo lile lile. Silo. Mtoa ushuhuda anaujua mwisho kabla hajashika kipaza sauti, na kila tukio analielekeza huko. Mtoto wa riwaya anataja hata yale yanayouharibu ushuhuda: bibi kapona, lakini mama, aliyeombewa sana, kazikwa. Riwaya isiyomruhusu mtoto kuuliza "mbona mama hakupona?" ni mahubiri, na mimi huifunga mapema.

Wapo wanaoziita riwaya hizi uhalisiajabu, yaani mtindo unaochanganya maajabu na maisha ya kawaida. Sikubali. Katika uhalisiajabu maiti anaweza kuketi mezani na watu wakaendelea kula. Hapa muujiza ukitokea lazima mmoja ashtuke na mwingine abishe, na mbishi huyo hufaa awe wa nyumba hiyo hiyo: kaka mkubwa, kwa mfano, anayesema yeye hakuona kitu.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye lugha. Mtoto wa darasa la nne anaeleza kuponywa kwa bibi yake, halafu unakuta "hali ya sintofahamu ilitanda". Mtoto gani huyo?