Asidi kali ni ipi hasa?

Kwa Kiswahili pilipili ni kali, jua ni kali, kisu ni kikali na mbwa naye ni mkali. Neno hilohilo tunaingia nalo maabara, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoanza kupotea.

Wengi hudhani asidi kali ni ile inayounguza. Sivyo. Asidi huitwa kali kwa sababu molekuli zake, zikiingia majini, karibu zote huachia ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya. Asidi hidrokloriki iko hivyo, nayo imo hata tumboni mwako. Asidi ethanoiki, ile ya kwenye siki, ni dhaifu: katika mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli), ni kama molekuli 1 tu kati ya 100 iliyovunjika. Lakini asidi hiyohiyo dhaifu, ikiwa haijatiwa maji, huunguza ngozi vibaya. Wingi wa asidi ndani ya maji ni habari nyingine. Huo huitwa ukolezi.

Kuna na hili: eti asidi dhaifu huhitaji alkali, kinyume cha asidi, kidogo tu ili kuimaliza. Pima sentimita za ujazo 25 za asidi hidrokloriki na 25 za asidi ya siki, zenye ukolezi sawa. Zote mbili zitamaliza kiasi kilekile cha hidroksidi ya sodiamu, alkali iitwayo pia kostiki soda. Kila ioni ya hidrojeni inapochukuliwa ikawa maji, molekuli nyingine ya asidi ya siki huvunjika kuziba pengo, hadi ziishe zote.

Je, asidi na alkali zikishamalizana, pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati) ni 7? Kwa asidi hidrokloriki, ndiyo. Kwa ile ya siki utakuta karibu 8.7, kwa sababu chumvi iliyobaki hunyang'anya maji hidrojeni kidogo na kuacha hidroksidi. Ndiyo maana kwenye titresheni hiyo, yaani kupima asidi kwa kuidondoshea alkali kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo), tunatumia fenolfthalini, kiashiria kinachoanza kugeuka waridi kwenye pH 8.2 hivi. Methili oranji, kiashiria kingine, hubadilika rangi kati ya 3.1 na 4.4, mapema mno. Natamani kila mwalimu aliseme hili kabla ya kugawa bureti, maana wengi wetu tulikariri majina ya viashiria bila kujua sababu.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba alkali ni salama, mradi si asidi. Waulize watengeneza sabuni. Kostiki soda inayogeuza mafuta kuwa sabuni haichagui: mafuta na protini za ngozi yako nazo huzishambulia, na jichoni huendelea kupenya ndani. Wala usikimbilie kumwagia siki ili “kuua ukali”. Asidi na alkali zinapokutana hutoa joto, na ngozi iliyokwisha kuungua huongezewa moto. Kama ni unga mkavu, upanguse kwanza bila kuugusa kwa mkono mtupu, vua nguo zilizopatwa, kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho lioshwe likiwa limefunguliwa, halafu hospitali moja kwa moja, hata kama maumivu yamepungua.