Ukitafuta mtoto, IgG chanya si maradhi

Kauli inayonichosha kuliko zote hapa kliniki Chake Chake ni hii: "Daktari, nimeonekana nina toksoplasma, ndiyo maana sishiki mimba." Toksoplasma ni kijidudu cha kinyesi cha paka na nyama isiyoiva. Mwanamke anafungua mkoba, anatoa vyeti vilivyokunjwa. Nasoma: toksoplasma IgG chanya, IgM hasi, rubela (homa ya vipele inayofanana na surua) IgG chanya, IgM hasi. Ameandikiwa antibayotiki ya spiramaisini, na si mara ya kwanza. Anameza, anarudi kupima, IgG iko pale pale, anaandikiwa tena. Paka wa nyumbani keshafukuzwa, na mawifi wameshasikia kwamba ana "maradhi ya paka".

IgG itabaki pale pale mpaka azeeke! Ni kingamwili inayoonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kijidudu hicho, pengine utotoni, ukakidhibiti; IgM ndiyo huashiria maambukizo mapya. Hakuna dawa ya kuiondoa, wala hakuna haja. Toksoplasma ya zamani haizuii mimba kutunga. Tunayemhofia ni mwanamke anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa tayari ana mimba, maana kijidudu huweza kumfikia mtoto tumboni. Mwenye IgG ya tangu zamani ana nafuu kuliko asiyekuwa nayo. Huyo asiyekuwa nayo ndiye wa kuambiwa aivishe nyama vizuri, aoshe mboga, na asishike kinyesi cha paka kwa mikono mitupu.

Rubela ndiyo inaniudhi khasa, kwa sababu pale IgG chanya ni habari njema: una kinga. Wapo walioipata kwa kuugua udogoni, wapo walioipata kwa chanjo ya surua-rubela iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014. Asiyekuwa nayo ndiye ninayemshauri achanjwe, kisha asubiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Cha kuulizia ni IgM chanya, na hata hiyo, kwa toksoplasma, huweza kukaa damuni miezi mingi. Basi irudiwe kwanza kabla mtu hajaanzishiwa dawa.

Wengine husema homoni hupimwa siku yoyote. Hapana. FSH na LH, homoni zinazoamsha mayai, tunazitaka siku ya 2 hadi ya 5, ukihesabu siku damu ya hedhi ilipoanza kuwa ya 1. Projesteroni, inayoonyesha kama yai limetoka, hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata: siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku ya 28 kwa mwenye mzunguko wa siku 35. Nakuombeni, andikeni tarehe zenu kwenye simu. Majibu yasiyo na siku ya mzunguko hayanisaidii kitu.

AMH, homoni itokayo kwenye ovari, ni ndogo? Inakisia wingi wa mayai yaliyobaki. Haisemi kwamba huwezi kushika mimba mwenyewe.

Mwengine huniambia: "Damu yangu safi, kwa hiyo mirija ya uzazi iko wazi." Kipimo cha damu hakionyeshi mirija; mirija huonwa kwa eksirei ya dawa inayopitishwa kwenye kizazi. Klamidia, inayoziba mirija kimya kimya, hutafutwa kwenye mkojo au ute wa ukeni. Kaswende, VVU na homa ya ini B, hizo ndizo za damu, na wapime wote wawili, mke na mume.

Mume naye ataniambia ana watoto kwa mke mwengine, hahitaji kupimwa. Mbegu za miaka kumi iliyopita si za leo. Akae siku 2 hadi 7 bila ya kumwaga, kisha aje kupima kabla mkewe hajatolewa damu tena.